Punda, Mikono Nane na Kimbunga

Makao Makuu, chumba cha mitambo
Jumatatu, 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia barua ya karatasi, kwa kalamu, mimi mhandisi wa mtandao mzima, kwa sababu nikipiga simu ya kituo unasema, "Mzima? Mzima. Basi andika," unakata. Ijumaa nilihesabu, tuliongea sekunde kumi na moja. Barua pepe nazo unasoma kichwa chake tu. Basi hii itapanda na gari la mafuta kesho, jibu lako lishuke nalo Jumatano, na wenzangu ofisini waendelee kunicheka.

Habari yenyewe ni hii. Tangu ifungwe rada mpya ya mvua hapo kilimani, kituo kinazalisha gigabaiti themanini za data kila siku. Programu yako ya kuzisafirisha, huyo Punda wako uliyemtunga mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, anahitaji zaidi ya siku moja kutuletea data ya siku moja. Kila kukicha tunazidi kubaki nyuma. Juzi mtabiri wetu alionya watu kuhusu mvua iliyokuwa imeshawanyeshea.

Kamati ya Mitambo imeagiza ulinganisho. Itifaki tatu zitabeba mzigo uleule kwenye laini ileile. Ya kwanza ni Punda. Ya pili inafungua njia nane kwa wakati mmoja, tumeiita Mikono Nane. Ya tatu inarusha data mfululizo bila kungoja kujibiwa, hiyo ni Kimbunga. Matokeo yaingie kwenye jedwali la ukurasa mmoja kabla ya tarehe 31 Machi, siku ambayo mkataba wako unakwisha. Sitakuficha: Mwenyekiti amesema Punda akiondoka, na mchunga punda hana kazi. Vituo vingine vyote vina kufuli tu.

Anayepima ni mimi. Afadhali mimi kuliko mwingine. Wewe usiguse kitu, na ngazi ya mlingoti usiikaribie mpaka goti lipone.

Binti yako

*

Kituoni
Jumatano, 5 Februari

Mama,

Marahaba. Mimi nilidhani itifaki ni mambo ya mabalozi, nani atangulie kuingia mlangoni na nani akae kiti gani. Kumbe na Punda naye ana itifaki. Nimemweleza, hakujibu.

Nimekusomesha, leo unakuja na saa mkononi kunipima. Ndiyo maana wakasema shukrani ya punda ni mateke. Lakini sawa, pima. Ila jua unachokipima. Punda anabeba furushi, anafika, anangoja aambiwe "nimepokea", ndipo anarudi kubeba lingine. Furushi likipotea njiani, analirudia lilelile. Kwa miaka kumi na tisa hajapoteza hata faili moja. Hao vijana wako wa kurusha, wamewahi kuulizwa wanamrushia nani na nani amesimama njiani?

Nakuomba jambo moja tu. Kimbunga usikiwashe kabla hatujaongea. Punda mpime utakavyo, Mikono Nane ipime. Hicho cha tatu ngoja.

Goti ni zima. Sikuanguka, niliteleza. Kuna tofauti, na anayeijua ni mwenye goti.

Baba yako

*

Makao Makuu
Jumatatu, 17 Februari

Baba,

Shikamoo. Naomba unieleze, maana kichwa kinaniuma.

Nimempima Punda mara tatu. Mzigo uleule, laini ileile, hali ya hewa safi. Jumapili alitumia saa ishirini na sita. Jumanne saa thelathini na nane. Ijumaa saa thelathini na moja. Kitu gani kilibadilika? Mimi sikubadilisha chochote. Nimekagua laini mnara kwa mnara, nimebadilisha nyaya upande wangu, nimemgombeza fundi wa umeme mpaka hanisalimii tena. Siwezi kuipelekea Kamati jedwali linalosema "inategemea Punda ameamkaje".

Mikono Nane imetumia saa kumi na tatu, mara zote tatu. Hiyo ndiyo adabu ya mashine.

Jana nikakaa nikamsoma Punda mwenyewe, mstari kwa mstari. Kazi nzuri, Baba, nasema kweli. Lakini katikati kuna mistari mitatu isiyo na maelezo yoyote, na hiyo ndiyo inayomuua. Kila baada ya furushi, Punda anasimama, anasikiliza. Wakati mwingine anasikiliza nukta moja na kuendelea, wakati mwingine anakaa hapo nusu saa hana habari na mtu. Anasikiliza nini? Laini ni yake peke yake!

Nimepiga hesabu. Ukiifuta mistari hiyo mitatu, Punda anashuka mpaka saa kumi na nne hivi. Anakaa bega kwa bega na Mikono Nane, na mimi nitapata cha kumwambia Mwenyekiti kuhusu mkataba wako. Ni kazi ya dakika mbili. Niruhusu niifute.

Na usiniandikie kwamba haraka haraka haina baraka. Naijua tangu darasa la pili.

Binti yako

*

Kituoni
Jumatano, 19 Februari

Mama,

Marahaba. Mistari hiyo mitatu usiiguse. Usiifute, usiihamishe, usimwonyeshe mtu. Andika saa thelathini na moja kwenye jedwali lako, Punda ashindwe, yaishe.

Unaniuliza anasikiliza nini. Ana sababu zake. Na mimi ninazo za kutokuziandika kwenye karatasi inayosafiri kwenye gari la ofisi, iko kwenye droo ya dereva pamoja na sigara zake. Je, huwezi kumwamini baba yako bila kuonyeshwa risiti?

Ulipokuwa mdogo ukiambiwa "usiguse" ulikuwa unauliza "kwa nini" mara nne, halafu unagusa. Sasa umri umekwenda, naona kilichopungua ni yale maswali.

Narudia: Kimbunga kingoje. Nipe wiki mbili nifikirie namna.

Baba yako

*

Makao Makuu
Ijumaa, 28 Februari

Baba,

Leo sisalimii.

Gari la mafuta lilishuka juzi likaniletea orodha ya madebe matupu. Barua hakuna. Uliomba wiki mbili za kufikiria, na mimi huku Mwenyekiti ananiuliza kila asubuhi mlangoni kama jedwali limekamilika. Kwa hiyo jana, Alhamisi, saa mbili asubuhi, nilikiwasha Kimbunga nikiwa hapa hapa. Ndiyo, nilikiwasha. Ni kazi yangu.

Na ulikuwa uzuri mtupu. Laini ilijaa mpaka ukingoni, haikubaki nafasi hata ya sindano. Kinarusha bila kusimama, upande wetu unaandika tu orodha ya vilivyopotea, kinavirudisha hivyo tu. Kwa mwendo ule kingemaliza kwa saa tisa na dakika ishirini. Saa tisa, Baba! Ofisi nzima ilisimama nyuma ya kiti changu.

Saa nane mchana laini ikafa. Si kwa mvua, si kwa umeme. Nimeangalia kumbukumbu za mitambo: waya ulichomolewa kwa mkono, kituoni kwako. Nikapiga simu, haikupokelewa. Mbele ya ofisi nzima nimebaki natazama kioo kilichoganda.

Kama hutaki kushindwa, sema. Mtu mzima na heshima zake anachomoa waya kama mtoto aliyefungwa goli! Nilikuwa nakutetea. Nimechoka kukutetea.

Binti yako

*

Zahanati
Ijumaa, 28 Februari

Kwa Mhandisi wa Makao Makuu,

Hatujuani kwa sura. Mimi ni mkunga wa zahanati iliyo chini ya kituo cha baba yako. Barua hii nimempa dereva wa gari la wagonjwa aifikishe mkononi mwako, si kwa karani.

Huku simu za mkononi hazishiki. Simu yetu ni moja, ya mezani, na laini yake inatoka kituoni kwa Fundi, baba yako. Miaka yote niliyokaa hapa, ninaponyanyua mkono wa simu, sauti inanyooka na hospitali inanisikia. Jana haikunyooka.

Saa saba mchana nilikuwa na mama aliyejifungua mtoto wa tatu. Kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikaanza. Nikapiga hospitali walete gari. Nikawa nasikia sauti yangu mwenyewe inakatikatika, "da... da... ma". Wa mapokezi akasema "halo, halo" akakata. Nilipiga mara nne. Nikamwacha mama na mhudumu wa usafi, mkono wake tumboni nilipomwonyesha, nikapanda kilima kwa miguu na unene wangu huu. Baba yako alikuwa juu ya mlingoti anapaka grisi. Alishuka ile ngazi nisivyotaka kukumbuka alivyoshuka, akatazama mitambo, akachomoa waya wa data. Nikapiga hospitali kutoka hapohapo kituoni. Walinisikia mara moja.

Nilimuuliza nani amefanya hivi. Akasema, "Ni binti yangu, hajui." Mimi nikaona vema ujue.

Yule mama yuko hai. Mtoto ni mzima. Kizazi wamekiondoa, maana damu ilikuwa imekwenda mno. Ana miaka ishirini na minne. Nusu saa ile, dada, ndiyo niliyokuwa nahangaika na simu na kilima.

Sijui mnapima nini huko. Nimeandika kwa hasira, na sitaiandika upya.

Mkunga

*

Makao Makuu
Jumatatu, 3 Machi

Baba,

Shikamoo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu nyingine, ya Ijumaa. Niliimaliza nikaifunga, kesho yake nikaletewa ya Mkunga. Ningeweza kuichana. Nimeona uisome, ujue nilikuwa nakufikiriaje wakati wewe unashuka ngazi.

Kimbunga nimekizima, Punda amerudi kazini. Nimemtazama jana akisimama kwa dakika ishirini na mbili nzima, nikamngoja mpaka alipoendelea.

Lakini Baba, nina hasira pia, na nisipoisema itanipasua. Kwa nini hukuniambia? Sentensi moja! "Kuna simu ya zahanati kwenye laini." Maneno sita. Nisingekiwasha. Ulinikatalia kama mtoto, na mimi nikafanya kama mtoto, na aliyelipa ni mtu mwingine kabisa.

Niambie yote sasa. Dereva nimemkabidhi bahasha iliyofungwa kwa gundi, na ameapa.

Binti yako

*

Kituoni
Jumatano, 5 Machi

Mama,

Marahaba. Nimezisoma zote mbili. Ile ya Ijumaa imeandikwa vizuri zaidi, hasira inakufaa.

Haya, ni hivi. Mwaka wangu wa kwanza hapa alipanda mwanamume mmoja anakimbia, anaomba simu ya kituo. Nikampa. Alipomaliza kuongea, akashuka, akakuta mkewe ameshamaliza safari. Wiki iliyofuata nikanunua waya mita mia nne, nikauzika kando ya uzio, nikaipeleka simu ya kituo mpaka zahanati. Sikuomba ruhusa. Ningeomba, jibu lingekuja baada ya miaka mitatu, nalo lingekuwa hapana. Kwenye vitabu vya ofisi ni simu ya kituo, hakuna aliyewahi kuuliza inapigwa na nani.

Sauti ni kitu laini, data ikijaa inaikanyaga; Mikono Nane ikibanwa hupungua, Kimbunga hakipungui. Ndipo nikaiandika ile mistari mitatu. Mkono wa simu ukinyanyuliwa zahanati, Punda anasimama. Ukiwekwa chini, anaendelea. Hiyo ndiyo siri ya vipimo vyako. Jumapili ya saa ishirini na sita, kulikuwa kimya. Jumanne ya saa thelathini na nane walizaliwa watoto wawili na mzee mmoja aliumwa na nyoka, simu ikashinda hewani. Na mimi nakukatia simu ili njia ibaki wazi. Ulidhani sipendi kuongea na wewe?

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ungejua, na ukijua ungelazimika kuchagua: uidanganye Kamati au unitoe mimi. Nilitaka usichague. Nimekosea. Nalisema bila kuzunguka: yule mama amepoteza kizazi kwa ajili ya kunyamaza kwangu na kwa ajili ya haraka yako, na sijui nusu ipi ni ya nani.

Mkataba wangu sasa haunishughulishi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba tarehe 31 nashuka, Punda anafutwa, Kimbunga kinawashwa, na zahanati inabaki na kipande cha plastiki mezani. Wakijua habari za waya wataukata siku hiyohiyo. Wasipojua, Kimbunga kitaunyonga. Wewe ndiye mhandisi. Tafuta njia.

Baba yako

*

Makao Makuu
Jumatatu, 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Njia ipo.

Nimeigawa laini. Nimetenga kichochoro chembamba cha simu peke yake, ambacho Kimbunga hakiruhusiwi kukigusa hata kikiwa kitupu siku nzima. Kinachobaki, kirushe kinavyotaka. Jumamosi tulijaribu: nimekiwasha Kimbunga kwa nguvu zote na Mkunga akawa anapiga hospitali kila baada ya nusu saa. (Ananijibu kwa ufupi bado. Namwelewa.) Mara zote alisikika. Muda umepanda kutoka saa tisa na dakika ishirini hadi saa tisa na dakika hamsini. Nusu saa, Baba! Kumbe kelele zote hizi zilikuwa ni za nusu saa, na hakuna aliyeiulizia.

Shida ni kwamba kichochoro kinaonekana. Mkaguzi yeyote atauliza ni cha nini. Kwa hiyo nimeandika kwenye ripoti kwamba waya wa zahanati niliuvuta mimi, Februari mwaka huu, wakati wa majaribio, bila kibali, kwa sababu za kibinadamu. Wewe hukujua. Wakinigombeza wanigombeze, nina miaka mingi mbele ya kusamehewa. Wewe una miaka kumi na tisa nyuma wanayoweza kukuchafulia. Ripoti imeshaingia ofisini kwa Mwenyekiti, kwa hiyo usianze kunibishia.

Kuna na hili. Nilikuandikia kwamba Kamati iliagiza ulinganisho. Kamati haikuagiza kitu. Niliupendekeza mimi, Desemba, wiki ile Mkunga mmoja nisiyemjua aliponipigia kuniambia umelala siku tatu baada ya kuteleza ngazini. Nilijua Punda atashindwa. Nilijua utashushwa. Nilitaka uje ukae kwangu, kwenye nyumba isiyo na mlingoti, na sikuwa na ujasiri wa kukuomba kwa sababu nilijua utasema hapana. Nikataka mashine ikuambie badala yangu. Nilipoomba kuifuta ile mistari mitatu nilikuwa nimeshaanza kujuta.

Sasa unajua. Na yule Mkunga niliyemjibu haraka haraka Desemba, nikakata, ni huyuhuyu.

Binti yako

*

Ofisi ya Mwenyekiti, Kamati ya Mitambo
Jumatatu, 17 Machi

Kwa Mhandisi wa Mtandao. Nakala kwa Fundi wa Kituo

Kamati imepokea ripoti ya Mhandisi ya tarehe 10 Machi, inayosema kuwa simu ya zahanati iliunganishwa naye mwezi Februari mwaka huu, na kwamba Fundi hakujua lolote.

Kamati imepokea vilevile barua ya Fundi ya tarehe 5 Machi, iliyotangulia kufika, inayosema kuwa simu hiyohiyo iliunganishwa naye miaka kumi na tisa iliyopita, na kwamba Mhandisi hakujua lolote. Fundi ameambatanisha mchoro wa njia ya waya uliofifia na kipande cha waya wenyewe, chenye kutu.

Waya mmoja hauwezi kuzikwa mara mbili. Kamati imeuamini wenye kutu.

Baada ya kusoma pia barua kutoka hospitali kuhusu tukio la tarehe 27 Februari, Kamati imeamua kwamba Kimbunga kitumike kuanzia tarehe 1 Aprili pamoja na kichochoro cha simu kama kilivyopimwa, na simu hiyo iandikwe kwa jina la zahanati. Mhandisi anapewa onyo la maandishi kwa kuwasilisha taarifa isiyo ya kweli. Mkataba wa Fundi hautaongezwa, kwa kuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya imekwisha.

Katika miaka yangu ya uongozi nimezoea kutafuta mkosaji. Kupewa wawili wanaogombania kosa moja, tena wa familia moja, kumenichosha.

Mwenyekiti

*

Makao Makuu
Jumatatu, 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Niliposomewa ile barua nilitaka kucheka, kulia na kuvunja kikombe, na Mwenyekiti ameketi mbele yangu na kile kipande chako cha waya juu ya meza kama ushahidi wa mauaji.

Uliandika kwa Kamati tarehe tano! Siku ileile uliyoniandikia mimi "tafuta njia". Bahasha mbili kwenye gari moja, na ile yangu hukutia hata neno moja kuhusu ile nyingine. Ndiyo nini sasa? Tumetoka kumuumiza mtu kwa kufichana, na kabla wino haujakauka tunafichana tena, safari hii kwa wema. Onyo langu nimelitia kwenye faili. Nimestahili, lakini ningelistahili kwa raha zaidi kama ungeniambia.

Simu imebaki. Hilo nalishika kila usiku kabla sijalala. Simu imebaki, kwa jina lake, na hakuna wa kuikata.

Lakini wewe unashuka. Nilichokitaka tangu Desemba nimekipata. Nilidhani nitafurahi. Nimekupangia chumba cha mbele, nimenunua godoro gumu unalolipenda, halafu nimekaa juu yake na kulia kama mjinga. Nakuomba radhi kwa kukushusha kwa hila. Ningekuomba kwanza; ungekataa, ningekuja kukugombeza ana kwa ana kama watu wengine, basi.

Gari litakuchukua Jumatano ijayo, tarehe 2. Niambie una mizigo mingapi.

Binti yako

*

Kituoni
Jumatano, 26 Machi

Mama,

Marahaba. Mizigo ni miwili na redio.

Sikukuambia kuhusu barua ya Kamati kwa sababu ungenizuia. Wewe nawe hukuniambia kuhusu ripoti kwa sababu ningekuzuia. Damu ni ileile, tumlaumu nani? Onyo lako nimelisoma kwenye nakala. Nimekasirika, kisha nikajivuna, kisha nikakasirika tena kwamba nimejivuna.

Kuhusu Desemba: umenifanyia vibaya. Nilikuwa na haki ya kukukatalia usoni. Sijakusamehe bado, na usiniharakishe.

Jana mchana nilikiwasha hicho Kimbunga chako mwenyewe, kwa mkono wangu, nikashuka zahanati kwa goti langu moja zima. Data ya siku nzima inapita, mimi nikanyanyua mkono wa simu, nikapiga hospitali. Akapokea wa mapokezi. Nikasema ni majaribio, nikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Mzee, una mgonjwa au huna?" Nikamwambia sina. Sauti ilikuwa imenyooka kuliko enzi za Punda, na nimeona haya kwamba kwa miaka kumi na tisa sikufikiria kutenga njia, nilifikiria kumsimamisha mnyama tu. Umenishinda kazi. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Kisha nikaenda kwa yule mama. Nyumba yake iko nyuma ya zahanati, ya pili. Alikuwa amekaa mlangoni ananyonyesha. Nilimweleza yote, waya, Punda, mimi, wewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama huyo binti yangu ana watoto. Nikasema bado. Akamhamishia mtoto bega la pili. Hakutukana. Ningependa angetukana.

Nilitaka kuomba radhi kwa niaba yetu wote wawili, mdomo ukakataa. Yangu niliiomba. Yako siwezi kuibeba.

Kwa hiyo gari la wiki ijayo lisije kunichukua mimi kabla halijakuleta wewe. Kiti cha mbele kina nafasi, nimeshaongea na dereva. Panda Jumanne, ulale hapa, na kabla ya kufunga mizigo utashuka ile njia kwa miguu. Nitakusindikiza mpaka kwenye uzio, halafu utakwenda peke yako.

Nimeshamwambia unakuja.

Baba yako